Uhalifu na Mabadiliko ya Jamii: Nadharia za Waasisi wa Elimu-jamii

1. Utangulizi

Neno uhalifu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kwenda kinyume. Anayehalifu huhalifu kitu fulani: amri, ahadi, sheria au desturi. Neno hitilafu, lililotoka katika shina hilo hilo, nalo hudokeza kuwako kwa vitu viwili visivyolingana. Kwa hiyo mzungumzaji wa Kiswahili hawezi kulitamka neno uhalifu pasipo kukiri, ajapokuwa hakukusudia, kwamba kuna upande wa pili: kuna aliyeamrisha, au kuna mapatano yaliyovunjwa. Sivyo lilivyo neno uovu, ambalo hukitia kitendo doa bila ya kuuliza lolote zaidi. Wala neno dhambi, ambalo humrejesha mtu kwa Mola wake.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Mwanafunzi anayezisoma nadharia za waasisi wa elimu-jamii kwa Kiswahili, akaweka neno uovu mahali pa uhalifu, ataona kwamba wanazuoni hao walisema mambo ya kipuuzi, na pengine ya hatari. Akilishika neno uhalifu kwa maana yake kamili, atawaelewa upesi zaidi hata kuliko wasomaji wengi wa Ulaya.

Makala haya yanakusudia kuzieleza nadharia hizo na kuonyesha kuwa, pamoja na magomvi yao, waandishi wake walikuwa wakijibu maswali mawili. La kwanza: kwa nini watu huuvuka mpaka uliowekwa na jamii? La pili: ni nani aliyeuweka mpaka huo, na kwa nini husogezwa? Aghalabu swali la kwanza hushikwa na la pili husahauliwa. Jamii inapobadilika, lakini, watu hubadilika na mpaka nao hubadilika. Kwa hiyo asiyeyauliza yote mawili hawezi kujua ni kipi kilichosogea.

2. Kabla ya elimu-jamii

Mwaka 1764 Cesare Beccaria, kijana wa ukoo wa kikabaila wa Milan, alichapisha kijitabu juu ya makosa na adhabu. Mahakama za Ulaya wakati huo zilitesa watuhumiwa ili wakiri, na ziliua kwa makosa mengi madogo. Beccaria alimtazama binadamu kuwa ni kiumbe mwenye hiari, anayepima faida na hasara kabla ya kutenda. Kwa hiyo, alisema, kinachozuia kosa si ukali wa adhabu bali uhakika wake na wepesi wa kufika kwake. Aliyapinga mateso na adhabu ya kifo. Mchango wake katika sheria ulikuwa mkubwa, lakini mtu aliyemfikiria hakuwa na kijiji, ukoo wala njaa. Alikuwa akili tupu inayopiga hesabu.

Karne moja baadaye, mwaka 1876, daktari Mwitalia Cesare Lombroso alidai kinyume chake. Mhalifu, kwa maoni yake, huzaliwa. Alama zake zimo katika fuvu, taya, masikio na urefu wa mikono, kwa kuwa yeye ni mtu wa zama za kale aliyezaliwa kwa makosa katika zama mpya. Wazo hili si geni kwa Waswahili, maana wapo wasemao kwamba mwana wa nyoka ni nyoka. Hata hivyo, methali huweza kupingwa kwa methali nyingine, ilhali Lombroso alidai kuwa na sayansi. Tena, aliwahesabu watu aliowaita washenzi, Waafrika wakiwamo, kuwa ndio mfano hai wa hali ambayo mhalifu wa Ulaya ameirudia. Mwaka 1913 Mwingereza Charles Goring alichapisha matokeo ya kuwapima wafungwa zaidi ya elfu tatu. Hakuona sura wala umbo la pekee la mhalifu.

Nadharia ya Lombroso haikuwa na makosa ya vipimo tu. Ubaya wake mkubwa ni kuwa iliifutia jamii dhima yote. Ikiwa uhalifu umo mifupani, hakuna haja ya kuuliza habari za mishahara, mashamba, mahakama wala sheria.

Jawabu lilikwisha kuandaliwa kabla yake. Katika miaka ya 1830, Adolphe Quetelet wa Ubelgiji alizichunguza takwimu za mahakama za Ufaransa. Alistaajabu kuona kwamba idadi ya makosa hurudi karibu ile ile mwaka hata mwaka. Wauaji wa mwaka huu si wauaji wa mwaka jana, lakini hesabu yao haiachani mbali. Hivyo basi, pamoja na hiari ya kila mtu, kuna jambo katika mpango wa jamii lenyewe linalotoa hesabu hiyo. Quetelet aliona pia kwamba sehemu maskini kuliko zote hazikuwa lazima ndizo zenye uhalifu mwingi kuliko zote. Umaskini ambao mtu ameuzoea, na unaomhusu jirani yake kama unavyomhusu yeye, haukuwa na matokeo sawa na ule unaokaa ubavuni mwa utajiri.

3. Durkheim: mshikamano na anomia

Émile Durkheim (1858–1917) alizaliwa Épinal, mashariki ya Ufaransa, katika ukoo wa marabi wa Kiyahudi. Nchi yake ilishindwa vitani na Wajerumani yeye akiwa mtoto. Damu ya wananchi ikamwagwa na wananchi mjini Paris mwaka 1871. Na viwanda vilikuwa vikiwavuta watu kutoka mashambani. Swali lililomshughulisha maisha yake yote ni hili: jamii isiyofungwa tena na dini moja wala kazi moja hushikanishwa na nini?

Katika kitabu chake juu ya mgawanyo wa kazi (1893) alieleza namna mbili za mshikamano. Upo mshikamano wa kufanana, ambamo watu hufanya kazi za aina moja, huamini mambo yale yale, na dhamiri ya jumuiya huijaza dhamiri ya kila mtu. Upo pia mshikamano wa kutegemeana, ambamo watu ni tofauti lakini mwashi humhitaji mwokaji, naye mwokaji humhitaji daktari, kama viungo vya mwili mmoja. Mabadiliko ya jamii, kwa fikira zake, ni safari ya kutoka hali ya kwanza kuelekea ya pili.

Hapo ndipo alipoufasili uhalifu. Jamii haikilaani kitendo kwa sababu ni uhalifu. Kitendo huwa uhalifu kwa sababu kimeiudhi dhamiri ya jumuiya. Waswahili walikwisha kuliona jambo hili waliposema kwamba mkataa wengi ni mchawi. Methali hiyo haitaji kitendo chochote cha uchawi. Inataja wengi, na inamtaja aliyewakataa.

Mwaka 1895 Durkheim alisema neno lililowaudhi wengi: kwamba uhalifu ni jambo la kawaida katika jamii yenye afya. Kiswahili hutumia neno kawaida kwa maana mbili, yaani lililozoeleka na lisilo na ubaya, na maana hizo hapana budi zitenganishwe. Durkheim alikusudia ya kwanza tu. Hakuna jamii iliyopata kuonekana isiyo na uhalifu. Alitoa mfano wa nyumba ya watawa ambamo wote ni watakatifu. Humo wizi na mauaji havijulikani, lakini makosa ambayo mtu wa nje angeyapuuza yatalaaniwa vikali kama mauaji yanavyolaaniwa kwingine. Jamii ikiondoa makosa makubwa, hunoa macho yake na kuyaona madogo.

Tena, uhalifu una kazi. Jamii inapomwadhibu mkosaji, walio wema hukutana, hukasirika pamoja, na hukumbushana mpaka uko wapi. Na wakati mwingine mhalifu ni mtangulizi wa maadili yajayo. Socrates alikuwa mhalifu kwa sheria ya Athens, na hukumu yake haikukosa msingi katika sheria hiyo. Lakini uhuru wa fikira alioutetea ulikuja kuwafaa wananchi wenzake. Jamii inayoweza kumzima kila mhalifu itawazima pia watu wa namna hiyo, na haitabadilika kamwe.

Gabriel Tarde, aliyekuwa hakimu kabla ya kuongoza takwimu za jinai katika Wizara ya Sheria ya Ufaransa, alimpinga. Kwake yeye uhalifu huenea kwa kuigana, kutoka kwa wakubwa kwenda kwa wadogo na kutoka mijini kwenda mashambani, na kuuita wa kawaida ni kuvuruga akili za watu. Durkheim alikuwa na jawabu: maumivu nayo ni jambo la kawaida la mwili, lakini hakuna ayapendaye. Jamii huuchukia uhalifu kama mtu anavyoyachukia maumivu, na chuki hiyo nayo ni ya kawaida. Tena hakusema kwamba kiasi chochote cha uhalifu ni sawa. Kikizidi sana ni dalili ya ugonjwa.

Ugonjwa huo aliuita anomia, neno la asili ya Kiyunani lenye maana ya kukosa sheria. Alilifafanua zaidi katika utafiti wake juu ya kujiua (1897). Aliona kwamba kujiua huongezeka wakati wa misukosuko ya uchumi, kama ule wa Vienna mwaka 1873, lakini huongezeka pia neema inapoingia ghafula. Kama umaskini ungekuwa ndio sababu, neema ingepunguza vifo hivyo. Sababu, basi, ni nyingine. Tamaa ya binadamu haina kikomo chake yenyewe; hupewa kikomo na jamii, ambayo humwambia kila mtu ni kiasi gani cha haki atarajie. Mabadiliko ya ghafula, yawe ya kheri au ya shari, huvuruga kipimo hicho. Cha zamani kimeanguka, kipya hakijasimama, na mtu hubaki akifukuza asilolijua.

Ni muhimu kutambua kuwa Durkheim hakusema mabadiliko yenyewe ndiyo maradhi. Maradhi ni muda wa utupu baina ya kanuni mbili. Wale wanaomtumia kuhubiri kwamba mila zirudi kama zilivyokuwa wanamwekea kinywani maneno ambayo si yake.

Ipo kasoro kubwa, hata hivyo. Durkheim alidai kuwa jamii za mshikamano wa kufanana huadhibu ili kulipiza, na kwamba sheria ya kufidia huja na mgawanyo wa kazi. Waliokwenda kuishi katika jamii alizozisoma vitabuni tu walikuta mengine. Bronislaw Malinowski, katika kitabu chake cha mwaka 1926 juu ya watu wa visiwa vya Trobriand, alionyesha kuwa sheria yao ilisimama sana juu ya kupeana na kulipana. Mwanafunzi wake, Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya Wagikuyu, alieleza namna ambavyo hata kuua mtu kulikuwa jambo baina ya koo mbili, nalo lilimalizwa mbele ya wazee kwa fidia ya mifugo. Ni utawala wa kikoloni, uliotoka katika jamii ya viwanda na mgawanyo wa kazi, ulioleta jela na kitanzi. Safari aliyoichora Durkheim, kwa upande huu wa dunia, ilikwenda kinyumenyume.

4. Marx: kuni za Rhine

Durkheim alizungumza juu ya dhamiri ya jumuiya kana kwamba jumuiya ni moja. Swali la nani huuchora mpaka lilikuwa limeulizwa kwa uchungu zaidi miaka hamsini kabla ya kitabu chake cha kwanza.

Mwaka 1842 Karl Marx, kijana wa miaka 24, alikuwa mwandishi wa gazeti la Rheinische Zeitung mjini Cologne. Baraza la jimbo la Rhine lilikuwa limejadili sheria juu ya wizi wa kuni. Kwa desturi ya tangu na tangu, maskini wa huko waliokota matawi makavu yaliyoanguka msituni ili wapate kupika na kuota moto. Misitu ilipogeuka kuwa mali yenye bei kubwa sokoni, wenye misitu walitaka kuokota matawi hayo nako kuitwe wizi. Marx aliuliza inawezekanaje tawi lililokwisha kuachana na mti lihesabiwe sawa na mti uliokatwa. Alionyesha pia kwamba sheria hiyo ilimfanya mwenye msitu kuwa mshtaki na mpokeaji wa fidia, na dola ikawa mtumishi wake. Baadaye, mwaka 1859, aliandika kuwa mjadala huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyomsukuma kwanza kuyachunguza mambo ya uchumi.

Katika kisa hiki mwanamke mwokota kuni hakubadilika. Alikwenda msitu ule ule alikokwenda mama yake, akainama, akafunga mzigo wake. Kilichobadilika ni mpaka, nao ulisogezwa mpaka ukampita yeye akiwa amesimama pale pale. Takwimu zingeonyesha kuwa uhalifu umeongezeka, na mwanachuoni mzembe angeandika kuwa maadili ya wakulima yameporomoka. Dau la mnyonge haliendi joshi. Katika Rhine ya 1842 hata kuni zake hazikufika nyumbani.

Mfano wa karibu zaidi ni kipande. Sheria ya mwaka 1915 katika Kenya ya kikoloni, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimisha kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 kuchukua hati yenye alama za vidole na habari za kazi yake. Aliyekutwa hana alishtakiwa. Kumwacha mwajiri na kutembea njiani bila ya karatasi, mambo ambayo hayakumwudhi mzee yeyote wa kijiji, yakawa jinai kwa miaka zaidi ya ishirini. Hapa dhamiri ya jumuiya haikuwa na sauti, maana jumuiya iliyoandika sheria haikuwa ile iliyohukumiwa nayo.

Rafiki yake Marx, Friedrich Engels, alikuwa ameeleza mwaka 1845 namna ambavyo dhiki ya wafanyakazi wa Uingereza ilizaa makosa, na Mholanzi Willem Bonger aliuendeleza mkondo huo mwaka 1905. Udhaifu wa mkondo wenyewe ni kutaka kila kosa lifunguliwe kwa ufunguo mmoja. Wokota kuni hufafanuliwa vizuri na matabaka. Baba anayemwua mwanawe kwa hasira hafafanuliwi hivyo, na kila jamii, iwe ya wenye mali au isiyo ya wenye mali, imemwita mhalifu.

5. Chicago, Merton na Sutherland

Mawazo haya ya Ulaya yalikutana na jiji lililoyajaribu. Chicago lilikuwa na watu wapatao 4,500 mwaka 1840. Mwaka 1890 walizidi milioni moja, na mwaka 1930 walizidi milioni tatu. Clifford Shaw na Henry McKay walichukua majalada ya mahakama ya watoto wakatia alama katika ramani makazi ya kila kijana aliyeshtakiwa. Waliona kuwa alama hizo zilisongamana katika mitaa inayopakana na viwanda na kitovu cha jiji, zikapungua kadiri mtu anavyokwenda nje.

Ugunduzi wenyewe ulikuwa hivi. Mitaa hiyo ilikaliwa kwanza na Wajerumani na Waairish, wakaja Wapolandi na Waitalia, kisha Wamarekani weusi. Wakazi walibadilika, lakini mtaa ulibaki na kiwango kikubwa cha makosa. Na wale waliohamia mitaa ya nje, viwango vyao vilishuka. Hoja ya Lombroso, na ya wote waliodai kuwa kabila fulani lina wizi damuni, ilizikwa katika ramani hizo. Kilichokosekana katika mitaa ile ni muda na uthabiti wa watu kujuana, kuaminiana na kuwalea watoto kwa pamoja.

Robert K. Merton, mtoto wa wahamiaji maskini wa Philadelphia, aliichukua anomia ya Durkheim mwaka 1938 akaigeuza. Katika Marekani, alisema, watu wote huambiwa kuwa utajiri ni lengo la kila mtu, lakini njia halali za kuufikia zimefunguliwa kwa wachache. Tamaa, basi, haikui yenyewe kama Durkheim alivyodhani. Hupandwa na jamii. Mbele ya pengo hilo mtu anaweza kushika lengo na njia zote mbili. Kushika lengo na kubuni njia haramu. Kuacha lengo na kung'ang'ania taratibu. Kuacha yote na kujitenga. Au kuyakataa yote na kutaka mpango mpya. Mwizi, kwa hesabu hii, ni mtu aliyelielewa vizuri somo la jamii yake juu ya lengo, akanyimwa nauli.

Nadharia ya Merton inapendeza mno, na hapo ndipo penye mtego wake. Inawaelekeza watafiti kwa maskini, kana kwamba wenye nacho hawaibi. Edwin Sutherland aliliona hilo mara moja. Mwaka 1949 alitoa kitabu juu ya makampuni 70 makubwa ya Marekani, akaonyesha kuwa yalikuwa yamepatikana na hatia ya kuvunja sheria mara 980 kwa jumla. Mchapishaji aliogopa mashtaka, na majina ya makampuni hayo yakaondolewa. Yalichapwa mwaka 1983, zaidi ya miaka thelathini baada ya kifo cha mwandishi. Sutherland alihitimisha kwamba uhalifu hufunzwa, katika mazungumzo na watu wa karibu, ofisini kama vile vichochoroni.

6. Maswali mawili kwa pamoja

Ubora wa nadharia hizi huonekana zinapotumiwa pamoja. Marshall Clinard na Daniel Abbott, katika kitabu cha mwaka 1973, walilinganisha mitaa miwili ya maskini mjini Kampala, mmoja wenye uhalifu mwingi na mwingine wenye uhalifu mdogo. Umaskini ulikuwako kote kuwili. Tofauti iliyoonekana ni kwamba katika mtaa wenye makosa machache watu walitembeleana zaidi, walishiriki zaidi mambo ya mtaa wao, na ndoa zao zilikuwa thabiti zaidi. Hili ni jibu la swali la kwanza, nalo linawathibitisha Durkheim na Chicago dhidi ya wale wanaodhani kuwa mji wenyewe huharibu watu.

Kwa swali la pili, mfano wa karibu ulitokea Nairobi. Sheria ya Uingereza ilikuwa ikimwadhibu aliyejaribu kujiua, na makoloni yakairithi. Uingereza yenyewe iliifuta mwaka 1961, lakini kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kiliendelea kumhesabu mtu huyo kuwa mhalifu hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Kabla ya uamuzi huo, mtu aliyeopolewa hai angeweza kutolewa kitandani hospitalini akapelekwa kizimbani. Baada yake, sheria ilimwona kuwa mgonjwa anayestahili kutunzwa. Kitendo hakikubadilika hata chembe. Jambo ambalo Durkheim alilichunguza mwaka 1897 kama dalili ya jamii kuwaacha watu wake mikono mitupu, jamii hiyo hiyo ilikuwa ikiliadhibu kama kosa la mtu binafsi.

7. Hitimisho

Waasisi wa elimu-jamii hawakukubaliana, na hakuna mmoja wao anayetosha peke yake. Durkheim alionyesha kuwa uhalifu haukai katika kitendo bali katika uhusiano wa kitendo na jamii, lakini akasahau kuwa jamii ina wenye nguvu na wanyonge. Marx alikumbuka hilo, wafuasi wake wakataka kueleza kila kitu kwalo. Chicago ilionyesha mahali, Merton pengo, Sutherland mafunzo.

Kila panapotangazwa kuwa uhalifu umezidi kwa sababu ya mabadiliko ya jamii, basi, mwanachuoni ana wajibu wa kuuliza kwanza ni kipi kilichosogea: watu au mpaka? Ikiwa ni watu, atafute vifungo vilivyokatika na kanuni zisizojengwa badala ya zile zilizoanguka. Ikiwa ni mpaka, amtafute aliyeusogeza na faida aliyoipata. Asiyeuliza atamfunga mwokota kuni na kumsifu mwenye msitu, na ataiita kazi hiyo kulinda maadili. Lugha ya Kiswahili imekwisha kumsaidia nusu ya njia, maana neno uhalifu lenyewe humwuliza: kinyume cha nini, na kwa amri ya nani?